Hodhi Mbili za Bi Harusi

Pale kwenye banda la farasi palikuwa na mama mmoja mtu mzima, kazi yake maji. Kufagia hafagii, kulisha halishi, maji tu. Kila asubuhi aliinama kwenye hodhi ya saruji, akamwaga maji yote ya jana, akasugua ule utelezi wa kijani kwa brashi mpaka saruji ikang'aa, ndipo afungulie bomba. Maji yake hata wewe ungekunywa usiulize. Saisi, yule mtunza farasi, alizoea kumtania, "Mama Hodhi, hapa farasi wanakunywa safi kuliko sisi!" Jina likamganda.

Farasi walikuwa wengi, lakini wa moyoni mwake alikuwa mmoja, jike jeupe liitwalo Bi Harusi. Akirudi kukimbizwa, moja kwa moja kwa Mama Hodhi. Alikunywa masikio yakicheza kila funda, kisha akapangusia mdomo begani mwa mama. Gauni chapachapa! Na heshima hiyo hakuna mwingine aliyeipata.

Basi bosi, mwenye banda, akajenga hodhi ya pili langoni, akamwajiri nani? Wifi yake Mama Hodhi, dada wa marehemu mumewe, yuleyule aliyesema siku ya harusi kwamba kaka yake angeweza kupata mzuri zaidi.

Siku moja Bi Harusi akaingia na kiu yake, akainamisha shingo palepale langoni. Mama Hodhi aliona kwa macho yake mawili. Roho ikamuungua kama amemeza kaa la moto.

"Wifi, mgeni wako leo kapitia kwangu," wifi akasema, anacheka upande.

"Kachoka tu. Angefika hata kwenye dimbwi angekunywa."

Lakini usingizi haukumjia vizuri. Kesho yake akatoa sandukuni sabuni yake ya kuogea, ile ya harufu ya maua aliyokuwa akiiweka kwa safari, akasugulia hodhi mpaka povu likafurika. Sasa nimwone atakayekwenda kwa mwingine!

Bi Harusi akaja, akanusa, akapuliza pua, akageuka. Kesho yake vilevile. Mama Hodhi akaongeza sabuni.

"Mama," saisi akamwambia, "mbona farasi wote wanajazana langoni? Bosi anasema kama hii yako hainywewi, atapanda maua humo."

"Maua? Kwenye hodhi yangu? Yule mwanamke anawatilia sukari! Simjui? Hata chai yake ni sukari tupu."

Mchana wifi alipokwenda kula, Mama Hodhi akanyata mpaka langoni, akachota kwa kiganja, akanywa. Maji. Akachota tena. Maji matupu, ya baridi, hayana hata harufu.

"Karibu, wifi," sauti ikatoka nyuma yake. "Nikuletee na kikombe?"

Mama Hodhi akakosa pa kuuweka uso. "Naangalia kama unasugua."

"Nasugua. Brashi na maji, kama nilivyokuona wewe ukifanya." Wifi akavuta pua. "Lakini mikono inanukia hiyo! Unaolewa tena?"

Mama Hodhi akanusa kiganja chake. Maua. Akamkumbuka Bi Harusi anavyopuliza pua. Asante hakusema, bora afe. Akarudi kwake, akamwaga maji yote, akasugua kwa brashi, akasuuza, akaacha jua lipige, akasuuza tena mpaka alipoinamisha kichwa ndani akanusa saruji tu.

Jioni Bi Harusi akaingia. Akasita langoni. Mama Hodhi hakumwita, ng'o! Akajifanya anakunja mpira wa bomba, huku jicho moja liko langoni. Kwato zikaja taratibu. Pua ikashuka, ikanusa huku, ikanusa kule. Halafu masikio yakaanza kucheza.

Bi Harusi alipotosheka, akapangusia mdomo palepale begani. Gauni chapachapa. Mama Hodhi akageuka upesi aone kama wifi ameona. Wifi alikuwa amempa mgongo, anasugua zake.

Mama Hodhi akakohoa. Brashi ya wifi ikaendelea. Akakohoa kwa nguvu zaidi. Wapi!

"Wifi!" akaita mwishowe. "Huna gauni la kuniazima? Langu kuna mtu kalilowesha."