Mawingu Kwenye Kabati la Mwalimu

Mwezi uliopita nilipaka vanishi rafu ya vitabu hapa nyumbani kwangu Mkomaindo, na siku ya tatu bado ilikuwa inanata. Harufu ile ya vanishi iliyogoma kukauka ilinipeleka moja kwa moja Newala, kwenye ua wa babu yangu, fundi seremala, nilipokuwa na miaka tisa.

Babu hakutumia brashi. Aliizimua vanishi kwa tapentaini, akachovya kipande cha fulana kuukuu, akapangusa ubao kwa kufuata nyuzi zake, kisha akafuta yote iliyozidi kwa kitambaa kikavu. "Mbao hunywa kidogo kidogo, kama mgonjwa," alikuwa akisema. Kwetu maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, hakuna aliyeyachezea. Lakini siku ya vanishi bibi aliweka maji ya kuoshea vyombo ayanyunyize uani, vumbi lilale. Mimi nilikaa mkekani nikibangua korosho, nikisikiliza msasa ukikwaruza. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga, na mpaka leo sijui kama kisamvu kile kilinuka tapentaini kweli au ni pua yangu tu.

Mwaka ule mwalimu wangu aliagiza kabati la mninga. Binti yake alikuwa anaolewa Lupaso. Asubuhi ambayo angekuja kulichukua, ukungu wa Julai ulitanda mpaka mlangoni. Babu alilizunguka kabati, akalipapasa, akasema limetoka vizuri sana. Mimi niliona milango yote miwili ina mawingu meupe, na ubavuni michirizi imeganda kama nta iliyochuruzika.

"Babu, mbona kabati lina mawingu?"

Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua ndoo, akanikata jicho. Babu akauliza yako wapi. Nikaonyesha kwa kidole, naye akatazama pembeni kabisa ya pale. Baadaye nilielewa kwamba kila alfajiri, kabla babu hajaamka, bibi alikuwa akiipitia kazi ya mumewe kwa msasa na kitambaa. Siku ile foleni ya maji ilimchelewesha.

"Tangu lini, Mama Asha?" babu akamuuliza, akimwita kwa jina la shangazi yangu.

"Tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi."

Akakaa kwenye benchi lake. Nilidhani nitachapwa.

"Mngeniambia," akasema. "Ningekasirika, halafu ningezoea."

Mwalimu alipofika nikamwamkia, na kabla hajaketi babu akamweleza kwamba kazi ina kasoro na macho yake yamepungua, akaomba siku nne. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Mwalimu akaketi, akanywa chai yote aliyoandaliwa, ndipo akasema atasubiri.

Tukaanza upya. Mimi nilisema ninachokiona, babu akagusa na kutaja sababu. Mawingu ni unyevu wa ukungu ulionaswa kabla vanishi haijakauka. Basi tungepaka saa tano, jua likiwa limetoka, na kabati lingeingizwa ndani mapema jioni. Michirizi ni ile iliyozidi, haikufutwa. Vipele ni vumbi. Panaponata palipakwa mara ya pili kabla mara ya kwanza haijakauka; papigwe msasa, pangojewe. Na bibi akapiga msasa mchana kweupe, kwa mara ya kwanza mbele ya mumewe, wakibishana kidogo juu ya nani ana mkono mzito.

Siku ya nne mwalimu aliuona uso wake mlangoni mwa kabati. Alimshika babu mkono kwa muda mrefu.

Tulifanya kazi hivyo miaka minne mingine, mpaka giza likamfunika babu kabisa. Yeye na bibi sasa wamelala huko huko Newala. Ule ua una nyumba ya watu wengine, na makabati siku hizi huja yamepuliziwa rangi kwa mashine, hayana haja ya macho ya mtu. Ninalolikumbuka zaidi ni namna babu alivyosimama, kiganja juu ya ubao, kichwa ameinamisha, akingoja mtoto amwambie ukweli. Sijangojewa hivyo tena na mtu yeyote.