Petroli ya Jirani

Juzi nilirudi Kirolirwe, kijijini kwetu. Gari kuukuu likapanda kilima likigonga, ka-ka-ka, kama misumari ndani ya kopo, na hasira ikanipanda kabla sijaliona. Utaniuliza, rafiki yangu, mtu hukasirikia vipi mlio wa injini?

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Pikapu ya Papa ilinuka maziwa na nyasi mbichi, maana kila asubuhi ilipeleka vidumu vyetu sokoni. Siku hiyo ilimbeba Mama. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, mtoto akakataa kutoka, na mkunga akasema apelekwe hospitali ya Mweso, haraka. Jirani yetu, aliyeuza petroli kwa chupa, alijaza tangi kwa mkono wake. Alijua tunakwenda wapi. Hata alituombea.

Mlima wa kwanza tu, injini ikaanza kugonga. Papa akikanyaga mafuta inagonga, akiachia inanyamaza. Mwishowe nguvu ikaisha na maji yakachemka. Mama alikuwa akilia nyuma, juu ya godoro.

"Papa, injini imekufa?"

"Hapana. Kama ni bieli, kile chuma cha pistoni, ingegonga hata tukisimama. Lete kaye yako ya masomo."

Akadondosha petroli kwenye ukurasa wa daftari langu. Petroli safi hukauka upesi. Hii iliacha doa zito, lenye harufu ya taa ya jikoni kwetu.

"Iko na mafuta ya taa," Papa alisema. "Ametuchanganyia."

Petroli nyingine hatukuwa nayo. Injini ilipopoa, akalegeza delko, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akaigeuza kidogo ili cheche zichelewe. Mlio ukapungua. Tukapanda polepole, nikimshika Mama mkono, hadi Mweso.

Mama alipona. Mtoto alitoka amekwisha kufa. "Mungefika mbele kidogo, angeishi," muuguzi alisema.

Jirani alikuja kutoa pole, na sukari mkononi. Papa akamwonyesha ule ukurasa.

"Kila mutu anachanganyaka, Papa," jirani alisema. "Njo vile bizinesi iko."

Wakubwa wa kanisa wakataka tusamehe. Papa alimpa mkono. Mimi nilimwaga ile sukari uani, nikachapwa.

Kisha vita vikachukua pikapu na ng'ombe, vikatufukuza watu wote wa upande wetu. Papa na Mama walifia ukimbizini. Juzi, pale tulipomzika mtoto, nilikuta viazi vimelimwa. Nikawauliza waliokuwa wakilima habari za jirani. Alikufa zamani, wakaniambia, mtu mwema sana.

Mdogo wangu hakupewa hata jina.