Siku Niliyompokea Mama Mkwe Nikiwa Juu ya Ng'ombe wa Baiskeli

Jamani, hii habari nimeificha mpaka nimechoka, maana nusu ya Bariadi waliiona kwa macho na nusu nyingine wamesimuliwa vibaya, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, mcheke mara moja tumalize.

Mnanijua, mimi sikai. Chakula nakianza nikiwa kwenye kiti na kukimalizia mlangoni, nikisikia honi nimeshatoka, nikitumwa chumvi narudi jioni (na chumvi nimeisahau). Minza, mke wangu, alivumilia mpaka siku moja akambeba mtoto wetu Limi akaenda kwao Nassa. Nikabembeleza, nikatuma watu, mwisho mama mkwe akasema atamleta mwenyewe, ila akinikuta nazurura anageuka na binti yake hapo hapo. Siku ya siku Minza akanipigia wakiwa njiani: "Baba Limi, kaa stendi, kwenye benchi. Usiende popote." Nikamjibu, "Hata chooni siendi."

Nilikaa. Kweli nilikaa, nimevaa suti yangu ya harusi, ile yenye suruali pana chini, lakini gari likachelewa na miguu ikaanza kuniwasha. Sasa ng'ambo ya stendi, kwenye njia ya kwenda mtaani kwetu, vijana wa kuchomelea walikuwa wamesimamisha ng'ombe mkubwa wa baiskeli kuukuu: mbavu ni ringi, pembe ni usukani, macho ni taa za dainamo, shingoni kengele. Mgongoni wameacha siti na pedali, ukizizungusha mkia unatikisika. Nikajisemea, niende nikaangalie kidogo tu, gari nitaliona likiingia. Nikafika. Nikapiga kengele (nani anaona kengele akaiacha?). Nikapanda.

"Shuka, mnyororo utakula hiyo suruali!" Masanja, mmoja wa wale mafundi, akanipigia kelele kutoka kibandani kwake.

Mimi nikakanyaga pedali ili aone mkia. Mkia ukatikisika, watu wakapiga makofi, nikaongeza mwendo, na pindo la mguu wa kulia likaingia kwenye mnyororo, likajisokota mpaka karibu na goti. Nikarudisha pedali nyuma, likasokota zaidi. Nikajaribu kuruka chini, nikasikia mshono wa nyuma unaachia wote, upepo ukafika mahali ambapo haujawahi kufika, nikarudi kwenye siti haraka nikaikalia aibu yangu. Masanja akaja na koleo, anacheka mpaka koleo linamponyoka.

"Vua tu suruali, kaka, nikuteremshe."

"Nivue, mchana huu?"

Na hapo hapo gari la kutoka Nassa likaingia stendi.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha macho, naye anapita upande wake. Kumwonyesha mwili wako, hiyo si aibu tena, ni mkosi. Sasa namwona anavuka barabara na mzigo kichwani, Minza nyuma yake na mtoto, na mimi wa kupisha niko juu, nimefungwa mguu. Akainua macho. Akaniona. Akageuka akanipa mgongo, akasimama katikati ya njia, hapiti, kwa sababu mkwe hajapisha. Pikipiki zikasimama, watu wakajaa.

"Mayu, mama yetu, pita tu!" akasema dereva mmoja wa bodaboda.

"Nipite wapi, na mkwe wangu yuko njiani?"

Nilitamani ardhi ipasuke (nayo isingenisaidia, nilikuwa juu). Nikamtazama Minza. Alikuwa amekaza uso, amemhamishia mtoto ubavu mwingine, anaangalia nyuma kwenye lile gari walilokuja nalo. Niliogopa, sitawaficha. Niliiona ndoa yangu inapanda gari na kurudi Nassa.

Basi mama mkwe akatua mzigo, akachomoa kitenge, akamrushia Masanja bila kugeuka. "Mfunike," akasema. Kisha akaanza kuongea na ng'ombe, kwa sauti ya kusikika stendi nzima, mgongo bado kwangu.

"Wewe ng'ombe! Ng'ombe wa mahari walioletwa kwangu walikuwa na akili kuliko huyu aliyekupanda." Watu wakaangua kicheko. Akangoja wamalize. "Ila mwambie hivi. Binti yangu alinilalamikia kwamba mume wake hakai. Leo nimefika, nimemkuta amekaa."

Minza alijikaza, akajikaza, kisha akapasuka, akacheka mpaka akaukalia ule mzigo, machozi yanamtoka.

"Masanja," akasema alipopata pumzi, "kata suruali, mguu niachie. Nyumbani kuna kazi."

Nilitembea mpaka nyumbani, juu koti la suti, chini kitenge, nikiwa mbali nyuma yao kama adabu inavyotaka. Kipande cha suruali kipo kwenye mnyororo mpaka leo, mafundi wamegoma kukitoa, wanasema ng'ombe bado anacheua. Nami nimeapa, nikiambiwa nisubiri kwenye benchi nitasubiri kwenye benchi, hata kama mji mzima unapita ukicheza ngoma. Minza haamini viapo vyangu. Akienda sokoni ananiwekea Limi mapajani, ananiambia neno moja, "Kaa."

Nakaa.