Mbuzi wa Mama Qabale Ndani ya Kompyuta

Samatar Dualeh alipiga taipu miaka ishirini na tisa bila kutazama vidole vyake, na usingekaa naye dakika tano kabla hajakuambia hivyo. Babake alikuwa mmoja wa wale askari wa Kisomali waliokaa Isiolo baada ya kumpigania Mwingereza, na alipokufa alimwachia mwanawe koti zito la jeshi na tabia ya kukaa mgongo wima kama yuko gwaride. Mifugo hakumwachia. Samatar hakuwa na ng'ombe, hakuwa na ngamia, hakuwa na hata kuku wa kumwamsha. Yeye alikuwa mtu wa karatasi, na katika ofisi ya mradi wa mifugo hapakuwa na karatasi iliyotoka bila kupita mikononi mwake.

Basi mwaka wa themanini na saba, Samatar akiwa na miaka hamsini na tatu na ndevu zimeanza kupakwa hina, kompyuta ikaletwa.

Ilishushwa kwenye Land Rover na wanaume wanne waliokuwa wakigombezana, ikawekwa juu ya meza yake, na taipureta yake ikasukumwa chini karibu na ndoo ya maji. Haki ya Mungu, siku hiyo hakunywa chai. Mkubwa wa mradi, Bwana Isaac, mtu wa Meru mwenye adabu na haraka nyingi, alimsimamia begani akimwonyesha: hapa unawasha, hapa unatia diski, hapa unangoja. Samatar aliuliza unangoja nini. Bwana Isaac akasema unangoja tu.

"Mimi taipureta yangu haikuwahi kuniambia nimngoje mtu," Samatar alinung'unika, lakini kwa Kisomali.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa vita. Mzoea punda hapandi farasi, na huyu farasi alikuwa na vitufe ambavyo havikuandika kitu, ila ukivigusa kazi yako yote inahamia usikokujua. Samatar alivigonga kwa nguvu ile ile ya taipureta, na herufi moja ikawa inatoka kumi, ssssssssss mpaka mwisho wa mstari, kama nyoka amekaa humo ndani. Aliitukana. Aliibembeleza. Siku moja stima ya Isiolo ilipotea kama kawaida yake, na barua ya kurasa tatu aliyoiandika tangu asubuhi ikapotea nayo. Alitazama chini ya meza, akatazama nyuma ya kioo cha kompyuta. Akauliza imekwenda wapi.

Halafu, Jumatano moja, akakifahamu kitufe cha kufuta.

Lo! Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kuelewa. Mtu ambaye miaka ishirini na tisa, akikosea herufi moja mwisho wa ukurasa, huchana na kuanza upya! Samatar aliandika "Bwana Mkurugensi", akaona kosa, akabonyeza, na kosa likaondoka. Halikukwaruzwa wala kupakwa rangi nyeupe. Liliondoka kabisa, likaacha mahali pasafi. Akakosea tena makusudi ili alifute. Akacheka peke yake. Akaandika jina la jirani mmoja wa Kiwanjani ambaye hawakupatana, akalifuta, akaliandika, akalifuta, na alipofika nyumbani uso wake uling'aa hata mkewe Sirad akamshuku.

"Baba Dualeh, umeoa?" Sirad aliuliza.

"Sijaoa. Nimejifunza kufuta."

"Basi anza na madomo yako," Sirad akasema, akamwekea chakula. Lakini tangu siku hiyo kompyuta ikapata jina pale nyumbani. Sirad aliiita mke mwenza. "Mke mwenza ameamkaje?" "Mke mwenza amekuchelewesha leo?" Na Samatar, mzee mzima, alikuwa akiona haya.

Kwa hiyo uelewe jinsi moyo wake ulivyoruka siku Bwana Isaac alipofunga mlango na kumwambia maneno haya: orodha ya familia za kupewa mbuzi, wale waliopoteza mifugo katika ukame wa themanini na nne, lazima itoke kwenye kompyuta Ijumaa. Isipotoka, kuna msichana Nairobi aliyesomea mashine hizi, atakuja kukaa pale mezani. "Na wewe Mzee tutakutafutia kazi stoo. Si kubaya. Kuna kivuli."

Kivuli! Samatar aliona magunia ya chumvi ya ng'ombe, akajiona yeye ameketi juu yake, mgongo wima, bila kitufe cha kufuta. Akasema itatoka Ijumaa, inshallah.

Shida ilikuwa moja tu. Kila familia ilipaswa kuandikwa mbuzi waliobaki ni wangapi.

Sasa, mtu wa Isiolo hakuulizi una mbuzi wangapi, na ukimwuliza hakujibu. Mali yenye pumzi haihesabiwi. Ukiihesabu umeionyesha kwa husuda, umemwita fisi kwa jina. Mborana ataliangalia zizi lake jioni na kukuambia fulani hayupo, bila kuhesabu hata mmoja. Wakati wa taipureta hili halikumsumbua mtu. Samatar aliandika "wachache", au "Mungu amebariki", au "wapo", na serikali ikaridhika. Lakini kompyuta ilitaka tarakimu. Ukiiandikia "wapo" inapiga kelele: piiip! "Wachache": piiip! Akaacha kisanduku kitupu: piiip! Jumatatu nzima ilipiga kelele, mpaka watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakaanza kuingia kuisikiliza. Mzee mmoja, Yattani, alikaa kwenye benchi saa nzima, na kila mlio ukitoka anasema, "Imekataa tena," kwa furaha kubwa.

Kubuni hesabu? Astaghfirullah. Samatar hakuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya ofisi. Basi jioni akapata wazo aliloliona la akili sana. Sufuri! Sufuri si hesabu. Sufuri ni kama kunyamaza. Akaandika 0 kwa familia ya kwanza, mashine ikanyamaza. Akaandika 0 kwa wote, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumanne Bwana Isaac akaisoma orodha barazani, wenyewe wakiwa wamekusanyika. "Qabale Doyo, mbuzi sufuri. Gumato Dima, mbuzi sufuri. Racho Chachu, mbuzi sufuri..."

Salala! Ungedhani ametangaza kiama. Wanawake walishika vichwa. Mzee Yattani, yule aliyefurahia mlio, alisimama akatema mate mchangani kuiondoa ile laana. Kuhesabiwa ni balaa, lakini kuambiwa sufuri mbele ya watu ni kuombewa zizi liwe tupu! Bwana Isaac hakuelewa kwa nini anapigiwa kelele, akadhani wanataka mbuzi zaidi. Samatar alielewa yote mara moja, na aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake asubuhi, mlango haujafunguliwa sawasawa, Mama Qabale Doyo akaingia. Alikuwa bibi wa miaka sitini hivi, mwembamba, muuza maziwa aliyejulikana mji mzima kwa ulimi wake. Hakusalimu. Hapo ndipo Samatar alipojua hali ni mbaya.

"Karani," alisema, "jana jioni fisi amechukua mbuzi yangu. Ile ya sikio moja. Miaka miwili fisi hajakanyaga kwangu. Wewe umeandika sufuri, yeye amesoma."

"Mama, mimi sikutaka mabaya. Hii mashine inakataa maneno. Inataka namba tu."

"Basi wewe na mashine mtanimaliza. Leo amechukua mmoja, kesho anarudi, mpaka sufuri yako itimie. Futa!"

Samatar alifuta. Alifuta ile sufuri mbele ya macho yake, na Mama Qabale akasogea karibu kuona imetoka kweli. Kisanduku kikawa kitupu, mashine ikaanza piiip. Mzee wa watu akajishika kichwa. Ilikuwa Jumatano. Alimwambia yule mama ukweli wote, hata ule wa stoo na magunia ya chumvi, na sauti yake ikapasuka kidogo pale alipofikia magunia.

Mama Qabale akaketi. Hasira yake haikuwa na mizizi mirefu, ila ilipiga kelele tu. "Kuhesabu siwezi," akasema. "Lakini mimi najua mbuzi zangu. Nikuambie majina?"

Na Samatar, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, na kwa kuwa mtu aliyefiwa na mbuzi hastahili kufukuzwa, akafungua ukurasa mtupu, ule wa kuandikia barua. "Haya mama, sema."

"Guracha, ile mweusi ya pembe moja. Mtoto wake, Mrukaji. Adi. Aliyezaliwa Njiani, hiyo nilimzalisha mwenyewe nikitoka Kipsing. Mama Pacha. Pacha wa kwanza, Pacha mlafi..."

Samatar aliandika, kila mbuzi mstari wake, na vidole vikaanza kukimbia. Mama Qabale alifumba macho na kutembea zizini mwake kwa mawazo, akimtaja huyu na tabia yake na yule na mamake, akicheka kwa wale watundu. Samatar naye akacheka. Alitaka kujua Pacha mlafi alikula nini. Alikula shuka, mama akasema, shuka ya kuazima! Walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Na jina la mwisho lilipoandikwa, Samatar akanyoosha mgongo, akatazama kioo, akaona kitu ambacho kilikuwa pale tangu siku ya kwanza na hakuwahi kukijali. Kwenye kona ya chini, kidogo sana, mashine ilikuwa ikiandika yenyewe umefika mstari wa ngapi.

Ulikuwa wa ngapi? Usiniulize. Mimi pia nina mbuzi wangu nyumbani.

"Mama," Samatar alinong'ona, "wewe umehesabu?"

"Mimi? Mungu aniepushe."

"Mimi nimehesabu?"

"Nilikuwa nakuangalia. Umeandika tu."

"Basi hesabu imefanyika, na hatukuifanya sisi. Imefanya hii. Haina jicho, haina husuda, haijawahi kumwona mbuzi tangu izaliwe." Akainakili ile tarakimu kwenye kisanduku, maana kunakili si kuhesabu, hilo karani yeyote atakuapia. Mashine ikanyamaza kimya. Hakuna piiip!

Mama Qabale aliitazama kompyuta kwa heshima mpya. "Balaa ikija," akauliza taratibu, "itaenda kwake?"

"Kwake moja kwa moja."

Yule bibi akapiga kofi, akatoka mbio, viatu mkononi, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Burat. Ndugu yangu, ofisi ile haikuwahi kuona siku kama hiyo Alhamisi! Watu walipanga foleni mpaka barabarani. Kila mmoja anaingia, anafumba macho, anataja mbuzi wake, na wale wa nyuma wanasahihisha: "Umemsahau yule kilema!" "Huyo si ulimpa shemeji yako?" Mzee Yattani alipofika zamu yake aliimba majina badala ya kuyasema, na Samatar akayapiga kwa mdundo ule ule, jasho likimtiririka, furaha imemjaa kifuani hata akawa anajichekea bila sababu. Sirad alimletea chakula cha mchana, akasimama mlangoni akimtazama mumewe katikati ya umati ule. "Haya, mke mwenza," akaiambia kompyuta, "leo nimekusamehe."

Ijumaa, baada ya swala, printa ikaanza kukwaruza. Karatasi ikatoka, ikatoka, ikashuka mezani, ikavuka sakafu, ikafika kizingiti. Bwana Isaac alikuwa ametarajia kurasa tatu. Akaipeleka barazani kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza: "Qabale Doyo, jumla ya mbuzi..."

Watu wote wakaziba masikio. Wengine wakaanza kukohoa kwa nguvu, Mzee Yattani akaanza wimbo. Samatar akaruka, akamnyang'anya mkubwa wake karatasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Bwana Isaac, namba ni za macho, za kupeleka Nairobi. Za mdomo ni hizi." Na yeye mwenyewe akasoma majina: Guracha, Mrukaji, Adi, Aliyezaliwa Njiani. Kwa kila jina mwenyewe anaitika kwa niaba ya mbuzi wake, na baraza lote linashangilia kama kuna harusi.

Bwana Isaac alisikiliza mpaka mwisho, na haraka yake yote ikamwisha. "Mzee," akasema, "nitaandikia Nairobi huyo msichana asije. Kiti ni chako."

Samatar alinyoosha mgongo ili ajibu kiaskari. Ndipo Mama Qabale aliposukuma watu akapita, akivuta kwa kamba mbuzi jike mchanga, mwenye rangi ya majivu na mdomo mweupe, akamkabidhi kamba mkononi.

"Kiti ni cha serikali," alisema. "Hii ni yako. Mtu hana mbuzi hawezi kujua sufuri inauma wapi."

Miaka yote hiyo ameandika mali za watu, na hakuwahi hata siku moja kuwa na mstari wake. Alirudi ofisini na mbuzi wake nyuma, watu wakimfuata kwa vicheko. Akamfunga kwenye mguu wa meza. Akakaa, akafungua ukurasa mtupu, akaandika jina lake, Samatar Dualeh, halafu akafikiri kidogo na kuandika jina alilompa mbuzi, Baraka.

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe alipohisi hofu ndogo, tamu, ambayo hakuwahi kuijua. Akanyoosha kiganja cha kushoto, akaifunika ile kona ya chini ya kioo yenye tarakimu, na akafumba macho.