Gari Lisilosikika Rukanga

Mjukuu wangu amenunua gari linalotumia petroli na betri. Alilileta uani kunionyesha. Nilikuwa nachambua mchicha, na sikujua kuna gari mpaka kuku walipokimbia. Nikamuuliza, "Umekuja kwa miguu?" Akacheka, akaanza kunieleza kwa nini watu wananunua magari hayo: mafuta kidogo, moshi kidogo, kelele hakuna. Nikamwacha amalize. Mtu aliyenunua gari usimkate maneno. Lakini sababu hizo nilizijua kabla yeye hajazaliwa, na ile ya kelele ilinitoa jasho.

Miaka ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi Voi, na kazi yetu ilikuwa kuzunguka mlima Kasigau siku za soko. Tunaingilia Maungu, tunapita Makwasinyi, tunafika Rukanga, tunapakia pojo, mahindi na kuku, pamoja na wenyewe, tunawaleta sokoni. Gari letu lilikuwa kuukuu, la injini kubwa na kelele nyingi, na lilikunywa petroli kama ng'ombe wa Ndara wakati wa kiangazi. Ng'ombe hao nimewaona kwa macho, maana dada yangu aliolewa na mchungaji wa huko. Mchungaji wa ng'ombe, si wa kanisa, ingawa naye alipenda kuhubiri. Wanakunywa mpaka wewe unayetazama unashikwa na kiu. Basi gari letu lilikuwa hivyo. Tulichopata Rukanga tulikiacha chote kwenye kituo cha petroli.

Nikasema tubadilishe. Mzee mmoja Mswahili, mwenye duka la vipuri karibu na stesheni, alikuwa anauza pikapu ya injini ndogo. Akaingia ndani kuiwasha, nami nikasimama nasubiri.

"Imeshawaka, mwanangu," akaniambia. "Hii ni kimya kama msikiti baada ya sala."

Nikaipenda hapo hapo. Nitasema kweli, petroli ilikuwa sababu ya kumpa mume wangu. Sababu yangu mwenyewe ni kwamba nilichoka kupayuka. Nilitaka kukaa garini na kuongea na mume wangu kama watu, na yeye asipate kisingizio kwamba hajanisikia.

Mume wangu akaizunguka pikapu, akaipiga teke tairi. "Hii itabeba pojo ama itabeba mkoba wako?"

"Itabeba vyote, na wewe pia, ukinyamaza."

Mzee wa duka akachukua gari letu kuukuu kwa kubadilishana, akasema hataligusa mpaka mwezi uishe, tukijuta turudi. Mume wangu akalishika neno hilo. "Mwezi ukiisha na haijai mzigo, narudisha. Na sitaki kusikia habari ya gari tena kwa nyumba hii." Nikakubali. Nilikuwa na hakika yangu.

Safari ya kwanza tulifika Rukanga na mshale wa petroli umeshuka kidogo tu. Lakini barabarani hapakuwa na mtu. Tukangoja, tukarudi Voi na jogoo mmoja na mwenyewe. Safari ya pili hivyo hivyo, ila tulipokuwa tunaondoka tukakutana na kina mama, magunia kichwani, wanauliza, "Kwani gari limeharibika?"

"Si hili hapa," nikasema.

"Hili? Hili halijalia."

Ndipo tukaelewa. Gari la zamani lilikuwa likisikika tangu linapoacha Makwasinyi. Mama wa Rukanga akilisikia anajua sasa nifunge gunia, nimfunge kuku miguu, nioge, nishuke, na anafika barabarani pamoja nasi. Hakuna aliyehitaji saa. Sisi ndio tulikuwa saa yao, na sasa tulikuwa tumesimama.

"Basi piga honi," nikamwambia mume wangu.

Siku ya soko iliyofuata akaibana honi kuanzia Makwasinyi bila kuiachia. Watu walishuka, tena wengi kuliko siku yoyote, lakini bila magunia. Kina mama wamejifunga leso kiunoni, wengine wanalia tayari. Wanaume wamevua kofia. Kukaa sana Voi kulikuwa kumetusahaulisha: kule, gari linalokuja likipiga honi mfululizo linatoka mochwari.

Nyanya mmoja, mteja wetu wa tangu mwanzo, akashika bodi ya pikapu akachungulia nyuma. Akaona magunia matupu.

"Yuko wapi?"

"Nani, nyanya?"

"Huyo mliyemleta."

"Hatujaleta mtu. Tumekuja kuchukua pojo."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Nina wana wawili Mombasa," akasema. "Kutoka nyumbani mpaka hapa nimeshamzika mmoja, na sijui ni yupi. Wewe unaniambia pojo."

Mzee mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, hata waliokuwa wanalia. Nyanya hakucheka. "Lile lingine lilikuwa na sauti ya gari. Lirudisheni."

Njiani mume wangu akasema, "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Wanataka sauti. Hawajasema wanataka injini."

Nikaipeleka pikapu kwa fundi Voi. Fundi alishangaa, maana watu humletea magari yanayonguruma ayanyamazishe. Lakini akaifunga upya sailensa, lile bomba la kuzima mlio, kwa bolti ambazo mtu anaweza kuzifungua mwenyewe kwa spana. Tukiacha lami pale Maungu, tunaitoa. Tukirudi kwenye lami, tunaifunga, kwa sababu trafiki hawapendi makelele. Petroli yetu ni ile ile kidogo, na Kasigau nzima inatusikia.

Siku ya soko ya mwisho wa mwezi, nyanya alikuwa wa kwanza barabarani, ameoga, gunia limefungwa. Alikuwa amegeuzia sikio upande wa Makwasinyi. "Sasa limelia," akasema, akampa mume wangu gunia apakie. Pikapu ilijaa mpaka jogoo mmoja nikampakata.

Kurudi, tulisimama Maungu. Mume wangu akaingia chini ya gari na spana, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Hakutaja kurudisha. Aliwasha, kukawa kimya, tukashika lami, nami nikajiweka sawa tuongee.

Akaanza kuimba. Kumbe alikuwa mtu wa kuimba akiendesha, na miaka yote ile sikuwa nimemsikia kwa kelele za gari, na zile safari za pikapu tupu alikuwa amenuna. Aliimba vibaya, kwa nguvu, kutoka Maungu mpaka Voi, na mimi sikupata nafasi ya neno hata moja.