Makofi Mawili Suzuka

Niliondoka Johannesburg kwa sababu ya gurudumu moja tu, la nyuma upande wa kulia. Msinicheke. Mimi ni fundi matairi, kibanda changu kipo mtaa wa La Rochelle pembeni ya kinyozi, na tangu nitoke Kigoma miaka hiyo sikuwahi kupanda ndege kwa starehe. Lakini gurudumu hilo linafungwa na Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu niliyemlea kwa mikono yangu, na linafungwa Japani, kwenye mbio kubwa za magari yale ya kiti kimoja ambayo magurudumu yake yako nje, wazi kabisa, kama miguu ya panzi.

Msimu mzima tuliufuata kwenye simu. Saa nane na nusu mchana ya kwao ni saa moja na nusu asubuhi kwetu, kwa hiyo Jumapili za mbio nilifungua kibanda mapema, nikaegemeza simu juu ya rundo la matairi, na madereva wa teksi, Wakongo kwa Warundi, wakajazana nyuma yangu na vikombe vya chai. Wenzangu walitazama nani anampita nani. Mimi nilingoja gari letu liingie kubadilishiwa matairi, nimwone mtoto wangu akichuchumaa, sekunde chache tu, halafu moshi. Nilikuwa napiga kelele mpaka kinyozi anasimamisha mashine yake.

Zikiwa zimebaki mbio za mwisho, Zuhura akanipigia simu. Amezaliwa hapa Joburg, na utotoni ukimsemesha Kiswahili alikujibu Kiingereza. Ajabu ya Mungu, Japani ndiko alikojifunza kukipenda. Hana wa kuongea naye, basi akinipata mimi anakimwaga chote.

"Baba Mdogo, shikamoo. Mambo yameharibika. Nimechelewesha gari mara mbili msimu huu. Baada ya mbio za Suzuka wataamua kama nibaki kwenye gurudumu au nirudishwe stoo."

"Marahaba, mwanangu. Unachelewa kwa nini?"

"Mkono tu unanisumbua," akasema, na hakutaka kueleza zaidi. "Njoo, Baba Mdogo. Nakutumia tiketi. Kama ni mara ya mwisho, unione."

Basi nikafunga kibanda. Ijumaa ya mwisho nilikwenda mtaa wa Mayfair kuswali, na nilipotoka msikitini nikanunua chupa mbili za mafuta ya kuchua misuli kwenye duka la Msomali. Mkono wa mtoto utapona, nikajiambia, kwani mimi si fundi.

Jumatano mchana nilipaa. Hong Kong nilishuka nikiwa nimevimba miguu, nikapanda nyingine, na Alhamisi jioni nikatua Nagoya. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na koti kubwa, amekonda, macho yale yale ya baba yake. Akapiga goti kidogo kuniamkia, watu wakatutazama, naye hakujali. Nikaushika mkono wake wa kulia nikauminya kote, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Mzima! Nikatoa mafuta yangu hata hivyo. Akacheka, kisha akageuza uso upande wa madirisha.

Ijumaa asubuhi tukapanda treni kwenda kusini. Dereva wa treni ile alinishangaza: kila tukifika kwenye taa alinyoosha kidole kuielekezea na kusema neno kwa sauti, na chumba chake kizima yuko peke yake. Nikamuuliza Zuhura kama mzee yule ana matatizo. "Hapana, Baba Mdogo. Ndiyo kazi yao. Unachokiona unakionyesha kwa kidole na kukitaja, ili kisikupite." Nikasema kumbe, na sisi Joburg taa za barabarani, robot zetu zile, tunazipita nyekundu tukiimba.

Mara tukaisikia Suzuka kabla ya kuiona. Jamani! Sauti ile inakuingia mbavuni kwanza, masikioni baadaye. Barabara ya mbio inajikunja yenyewe na kupita juu ya daraja lake, na pembeni limesimama gurudumu kubwa la kupandisha watu angani. Magari yalipita mstari mmoja, chuma na makelele, nami mzee mzima nikajikuta nimeshika waya wa uzio na kuruka kama mtoto wa chekechea. Anayetaka kumpita mwenzake, Zuhura alinieleza, anabonyeza kitufe cha nguvu ya ziada, na taa juu ya kichwa chake inamulika ili sote tujue vita imeanza. Nilitaka wote wabonyeze wakati wote.

Tukaingia kwenye gereji ya timu. Hapo ndipo nilipofanya kioja. Mkuu wa mafundi, Morita, mtu mfupi mwenye mvi, aliinama kunisalimia, nami nikainama, yeye akainama tena, nikaona tutakesha. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi pia ni mtu wa kazi. Gari lao lilikuwa juu ya jeki na gurudumu limeshafungwa. Nikasogea, nikaikagua nati, nikalipiga gurudumu kofi kwa kiganja, mara mbili: pa! pa!

Mafundi wote wakageuka. Morita aliutazama mkono wangu, akamtazama Zuhura, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

Zuhura alikuwa anatazama sakafu. "Anasema, kumbe kofi limetoka kwako."

Nikawa sielewi. Akanieleza pale pale, polepole. Kwenye mbio, ukishamaliza kukaza nati unainua mkono juu, na mkuu akiiona mikono yote imeinuka ndipo anaachia gari. Sheria ni hiyo tu. Lakini mkono wa Zuhura ukishakaza hauendi juu. Unakwenda kwenye tairi kwanza, pa, pa, halafu ndiyo unapanda. Wameshamkataza, amejikataza mwenyewe, mazoezini anaweza, lakini gari likiingia kweli na moyo ukipanda, mkono unakwenda wenyewe. Makofi mawili, na gari la mpinzani limeshapita.

Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wahenga walisema, na wala hawakuniomba ruhusa. Nilibeba mafuta ya kuchua kutoka Mayfair kuja kutibu ugonjwa niliouambukiza mwenyewe.

Nikamwomba Zuhura amweleze Morita kofi lile ni nini, asije akafikiri ni mchezo. Miaka ya mwanzo La Rochelle niliachia teksi imejaa abiria, nati nimezifunga kwa vidole tu, nikasahau kuzikaza. Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa Rosettenville. Mungu mkubwa, hakufa mtu, lakini nilimwona mama mmoja kakaa ukingoni mwa barabara, kamkumbatia mwanawe, hawezi hata kulia. Tangu siku hiyo gari haliondoki kwangu bila makofi mawili: la kwanza kwa nati, la pili kwa roho za watu. Zuhura aliyasikia tangu ana miaka mitano. Hiyo kwake haikuwa tabia, ilikuwa kiapo.

Morita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na Zuhura akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema kiapo ni kizuri. Lakini gari linaposubiri, kiapo kikae mdomoni, mkono uende juu."

Nikamkumbuka dereva wa treni. Nikasema, nipeni kesho asubuhi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kukata masikio, Morita alitutolea gari la mazoezi mbele ya gereji. Nikachuchumaa upande wa kulia nyuma. "Kaza," nikamwambia Zuhura, "halafu sema kwa sauti: imekaza! Na mkono juu."

Akaishika mashine ya upepo, ikalia, nati ikakaa. Mkono ukashuka kwenye tairi: pa!

"Tena."

Pa! Machozi yakaanza kumlenga. "Nimekwambia, Baba Mdogo, siuwezi!"

Nikafikiri. Nikavua glovu, nikaweka kiganja changu juu ya tairi, pale pale anapopiga. "Sasa kaza. Kama utapiga, nipige mimi."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Mtoto wa kwetu, ainue mkono ampige baba yake? Mashine ikalia. Mkono wake ukashuka, ukauona wangu, ukastuka, ukaruka juu kama umegusa jiko. "Imekaza!" akapiga kelele. Morita naye akainua kwa nguvu bango lake la kuachia gari na kusema neno nililolielewa bila mkalimani.

Tukarudia, tukarudia. Mara ya kumi na kitu nilianza kuuondoa mkono wangu dakika ya mwisho, na wake ukaendelea kwenda juu. Kiganja changu kilikufa ganzi kwa baridi. Yale mafuta ya kuchua nikayatumia mimi.

Jumapili mchana nilikaa kwenye jukwaa linalotazamana na gereji, katikati ya familia zenye vibendera na vyakula vilivyofungwa vizuri kuliko zawadi za harusi. Taa za kuanzisha mbio zikazimika, magari yakatoka. Eish! Nilisahau adabu zote. Dereva wetu alianza wa tano, akampita mmoja kwenye kona ya kwanza, akambana mwingine mizunguko mitatu na taa yake inamulika, akampita ukingoni mwa barabara, kwa kitu kama upana wa kiganja. Mama aliyekaa kando yangu hakujua lugha yangu wala mimi yake, lakini tulikuwa tumeshashikana mikono.

Kisha wakaingia kubadilisha matairi, sisi na wa mbele yetu, gari nyuma ya gari. Nikasimama. Sikutazama gari lolote, nilitazama kofia moja tu nyeupe upande wa kulia nyuma. Akachuchumaa. Gurudumu la zamani likatoka, jipya likaingia, mashine ikalia. Nikaona mkono unashuka. Niliuona, naapa, ulishuka! Nikanyoosha kiganja changu mbele, hewani, huku jukwaani, umbali wote ule.

Mkono wa Zuhura ukapanda juu.

Bango likainuliwa, gari letu likaondoka, na gari la mpinzani likiwa bado juu ya jeki. Sikumbuki nilipiga kelele kwa lugha gani. Tulimaliza wa pili. Ubingwa wa msimu ulikwenda kwa mwingine, na kwa kweli sikujali hata kidogo.

Watu walipopungua, Zuhura alikuja kunichukua. Gari lilikuwa limezimwa, linatoa joto. Morita alitusubiri kando ya gurudumu la kulia. Akamwambia Zuhura kwamba mazoezi ya msimu mpya yanaanza Machi, na asichelewe. Kisha akanigeukia, akalionyesha tairi kwa kidole.

"Anasema gari limefika salama," Zuhura akatafsiri. "Sasa piga."

Niliinua mkono, halafu nikaurudisha. "Mwenye gurudumu ndiye apige," nikasema.

Zuhura akachuchumaa akapiga: pa, pa. Akabaki pale, kiganja juu ya mpira wa moto, analia na kucheka. "Niliuona mkono wako, Baba Mdogo. Ulikuwa pale kwenye tairi."

Jumanne nikaruka kurudi, Alhamisi nikafungua kibanda. Nilichojifunza nilidhani nimekibeba salama: kwamba mzazi humrithisha mtoto hata asichokusudia, na akiwa na bahati hupewa nafasi ya kwenda kukirekebisha. Teksi ya kwanza ikaja, ya Mkongo wa Bertrams, mteja wangu wa siku nyingi. Nikabadilisha tairi, nikakaza nati, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaruka juu hewani. "Imekaza!" nikasema.

Jamaa alizima injini, akatoa kichwa dirishani. "Baba Mdogo, unamuaga nani? Siondoki hapa mpaka nisikie makofi yangu."

Nikainama nikampigia yote mawili.