Muungano wa Viini Ulipofika Kiwengwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha redio Mji Mkongwe, Mkuu wa Vipindi alinikabidhi taarifa ya utafiti wa nishati niitafsiri. Nikaandika "muungano wa viini". Bibi yule akavua miwani.

"Viini vya nini, Haji? Vya mayai?"

Ndipo nilipojifunza kufafanua. Kiini ni moyo wa atomu. Kukipasua kiini kizito ni mpasuko, kazi ya mitambo ya nyuklia iliyopo. Kuviunganisha viini vyepesi ni muungano, na ndivyo jua linavyopata joto lake.

Miaka ikapita, nikawa Mhariri wa Sayansi. Siku moja tulirusha kipindi kuhusu deuteri, aina nzito ya haidrojeni iliyomo katika maji ya bahari, ambayo ni fueli ya muungano. Mtangazaji akatia chumvi, akasema wataalamu "watawasha jua kutoka baharini". Asubuhi yake alipiga simu Bi Patima, kiongozi wa wakulima wa mwani Kiwengwa.

"Maji yamekupwa na hatujashuka pwani," alisema. "Wenzangu wanaogopa kuungua. Mwani unaoza kambani. Nambie kweli, mwanangu."

Mkuu wa Vipindi alitaka tutangaze samahani, yaishe. Nikamwomba gari.

"Nenda," alisema. "Ila uwaeleze, usiwahutubie."

Niliwakuta wanawake wamekaa mchangani. Baada ya shikamoo, nikawaambia muungano hufanyika ndani ya mtambo, nchi za mbali. Haidrojeni hupashwa moto hadi iwe plazma, gesi yenye chaji za umeme. Kwa ukali wa joto lake haiachwi iguse chombo, hushikiliwa kwa sumaku.

"Na sumaku zikiiachia?" aliuliza Bi Patima.

"Inagusa ukuta, inapoa, inazimika. Mtambo huweza kuharibika, lakini moto ule hauenei."

"Na bahari yetu?"

"Hakuna aliyekuja hata kuchota maji."

Akajifunga kanga kiunoni. "Haya, tushuke. Maji yatarudi sasa hivi."

Wakaingia wote. Nilikaa mchangani nikiwatazama kwa faraja.

Nimestaafu sasa, nnakaa Mwanakwerekwe. Umeme wa muungano bado uko kwenye utafiti, haujafika nyumbani kwa mtu. Vijana wa redio hunipigia kuuliza: tuseme plazma, au tutafute neno letu? Nawaambia semeni plazma, mradi mseme ni kitu gani. Wakishakata simu najinyoosha barazani, nikishukuru kwamba leo likiharibika neno hewani, atakayepanda gari kwenda kulitengeneza si mimi.